Maneno ya Kumaliza Hayaishi

Waheshimiwa walimu, wahariri, wafasiri, na ninyi wanafunzi mliokaa nyuma karibu na mlango kwa sababu mnazozijua wenyewe,

Jioni hii nitazungumzia neno moja la Kiingereza, neno "finish", pamoja na jirani zake wawili watatu. Ni neno la chekechea. Mtoto hulishika kabla hajaweza kuandika jina lake, na hulipaaza akiwa wa kwanza kufunga daftari: "Teacher, nimefinish!" Mwalimu mkali atamwambia achague lugha moja. Mimi ningemwacha kwanza, kwa sababu katika kauli hiyo fupi mtoto ametaja kumaliza mara mbili. Tukifika huko mtaona.

Waingereza walilipata neno hili kwa Wafaransa katika karne ya 14, na Wafaransa walikuwa wamelirithi kutoka Kilatini, ambako "finis" ilikuwa mpaka: mwisho wa shamba, mwisho wa nchi, kisha mwisho wa jambo lolote. Mzizi huo umezaa ukoo mkubwa. Faini anayotozwa dereva barabarani imetoka humo. Ilikuwa malipo ya kumaliza shauri. Ukishalipa, hudaiwi tena. Neno "finance", ambalo leo ni mambo makubwa ya fedha, lilianza kama kumaliza deni tu. Fainali ya kombe nayo ni ya ukoo huo huo. Basi aliyelipa faini asubuhi na kutazama fainali jioni asijisingizie kwamba hajui Kilatini.

Zamani vitabu vya Kiingereza vilifungwa kwa neno "Finis" chini ya ukurasa wa mwisho, kwa Kilatini, hata kama hakuna neno jingine la Kilatini kitabu kizima. Watunzi na wanakili wa tenzi zetu za pwani walifanya vivyo hivyo kwa Kiarabu: utenzi ni wa Kiswahili, lakini mwishoni huandikwa "tammat", yaani imetimia, nasi hadi leo twasema tamati. Inaelekea binadamu akifika mwisho wa kazi hupenda kuvaa lugha ya wakubwa.

Maana ya pili ya "finish" msiitafute kwenye kamusi. Nendeni saiti ya ujenzi. Boma limesimama, lenta imefungwa, nyumba imepauliwa, na fundi anajifuta vumbi na kusema: "Sasa imebaki finishingi tu, mzee." Hilo "tu" limefilisi watu wengi. Ndani yake kuna plasta, nyaya za umeme, mabomba, dari ya jipsamu, milango, vigae, masinki, kupiga msasa na kupaka rangi mkono wa kwanza, wa pili na pengine wa tatu. Wapo waliohamia nyumba ikiwa kwenye finishingi, na watoto wao wamekulia humo humo kwenye finishingi.

Fundi huyo lakini analitumia neno sawasawa. Katika Kiingereza "finish" ni pia ule uso wa mwisho wa kitu: mng'aro wa meza, ulaini wa ukuta, namna pindo la nguo lilivyoshonwa. Kitu kilichofikishwa kwenye mpaka wake kinahesabiwa kuwa kimesafishwa na kunyooshwa. Kiswahili kimelibeba wazo hilo kwa njia yake, kwa kiambishi kidogo cha kutendea: kumalizia. Serikali ikitangaza fedha za kumalizia maboma ya madarasa na zahanati, kila mtu anaelewa kwamba yataezekwa na kupigwa plasta. Ondoa hiyo "i" uandike fedha za kumaliza maboma, na msomaji atadhani yanakwenda kubomolewa. Kumaliza kuna ukali ambao kumalizia hakuna. Unamaliza sukari, na hakuna tena sukari. Unammaliza mtu, na hilo ni suala la polisi. Kiingereza kina ukali huo huo, lakini herufi moja haiwezi kukiokoa.

Sasa niwapeleke Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968, mbio za marathoni za Olimpiki. Walioanza walikuwa 75. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alitumia saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Wengine wakaingia mmoja mmoja, medali zikatolewa, watazamaji wengi wakaondoka. Zaidi ya saa moja baada ya mshindi akaingia uwanjani mtu mmoja anayechechemea, goti limefungwa bandeji baada ya kuanguka njiani. Alikuwa John Stephen Akhwari wa Tanzania, mzaliwa wa Mbulu. Alivuka mstari kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, akawa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 akaanze mbio, ilimtuma akazimalize.

Jibu hilo linanukuliwa duniani kila Olimpiki ikikaribia, na linanukuliwa kwa Kiingereza, kwa kitenzi "finish". Hakuna kitenzi kingine ambacho kingefaa pale. Mbio zilikuwa zimekwisha. Bingwa alikwisha kujulikana na bendera zilikwisha kupandishwa. Lakini Akhwari alikuwa hajazimaliza. Kiingereza husema "end" kwa lile la kwanza na "finish" kwa hili la pili, na Kiswahili kina kwisha na kumaliza. Kwisha hutokea kwenyewe: mvua zinakwisha, likizo inakwisha, mshahara unakwisha. Kumaliza kunahitaji mtu na kunahitaji mpaka uliowekwa kabla hajaanza, na mpaka wa Akhwari ulikuwa kilomita 42 na mita 195.

Mwanafalsafa Zeno Vendler aliandika makala mashuhuri mwaka 1957 juu ya vitenzi na wakati, akionyesha kwamba vitenzi havilingani katika jambo hili. Mtu anayetembea tu anaweza kuacha kutembea, lakini huwezi kusema amemaliza kutembea, isipokuwa kama alikuwa na kiasi fulani kichwani. Mwambie anatembea hadi Bagamoyo, na sasa yapo ya kumaliza. Walimu wa Kiingereza, hapa ndipo mnapoweza kumweleza mwanafunzi tofauti ya "stop" na "finish" kwa dakika moja. Na mkiwa hapo, mwelezeni pia kwa nini "I have finished to eat" si Kiingereza: sisi tunasema nimemaliza kula, kwa kitenzi-jina chenye ku-, na mtoto anaihamisha ile ku- kama "to". Hana uzembe. Ametafsiri kwa uaminifu mno. Kitenzi hiki kinataka "eating", na ni la kukariri tu.

Hilo lilikuwa rahisi. Vurugu inaanza mtu anaposema yeye mwenyewe ndiye aliyemalizika.

Kuna kichekesho kinazunguka kwenye simu zetu miaka mingi, kinachodai kwamba hakuna kamusi inayoweza kueleza tofauti ya "complete" na "finished", mpaka bwana mmoja aliposimama kwenye shindano akasema: ukioa mke anayekufaa umekuwa "complete", ukioa asiyekufaa umekuwa "finished", na yule anayekufaa akikufuma na yule asiyekufaa, basi umekuwa "completely finished". Watu walipiga makofi kwa muda mrefu, kichekesho kinasema. Wanawake waliosikiliza sijui kama nao walipiga. Lakini jaribuni kukisema kwa Kiswahili: wa kwanza amekamilika, wa pili amekwisha, wa tatu amekwisha kabisa. Kimekubali bila jasho, na siri yake imefichuka. Kinachotenganisha maneno hayo ni nani anayesimama kama mtenda. "I have finished" ni nimemaliza. "I am finished" huweza kuwa hivyo hivyo, lakini huweza pia kuwa nimekwisha: nimefilisika, nimeumbuka, sina pa kushika. Mtu aliyefumaniwa Dar es Salaam na aliyefumaniwa London wanapiga ukelele mmoja.

Ndipo anapoingia jirani mwenye kelele kuliko wote, "done". Hili ni neno la Kiingereza cha asili, halikupitia Ufaransa. Ni tendo lililotendwa, basi. Mwanzoni mwa karne ya 20 baadhi ya waandishi wa vitabu vya matumizi bora ya lugha, hasa Marekani, walianza kulikataza lisitumiwe kwa watu. Wakasema chakula kikiiva ndicho "done". Mtu akimaliza kazi yake ni "finished". Vizazi vya wanafunzi vilisahihishwa kwa sababu hiyo, na katazo halikuwa na msingi wowote ila ladha ya wakatazaji. Wazungumzaji walikuwa wamekwisha kuzoea kusema "I'm done" na hawakuacha. Wakanada wengi wamekwenda mbele zaidi, husema "I'm done my homework", bila kihusishi katikati, na Mwingereza akisikia hukunja uso. Kukunja uso hakujawahi kusimamisha lugha.

Neno hilo sasa liko mfukoni mwa kila mmoja wenu. Kwenye simu, ukimaliza kuhariri picha au kuweka kengele ya kukuamsha, unabonyeza "Done". Mfasiri aliyepewa kazi ya kukigeuza kitufe hicho kuwa cha Kiswahili alikuwa na mtihani ambao Mwingereza hauoni. "Done" haisemi nani amemaliza nini. Kitenzi cha Kiswahili, isipokuwa katika amri, hakikubali kuja bila kiambishi cha mtenda, lazima uamue. Ukiandika Imekamilika, simu inajisemea yenyewe. Ukiandika Maliza, unamwamuru mtu. Ukiandika Tayari, umekwepa. Katika simu nyingi utakuta Nimemaliza, na mimi naiona ndiyo bora: aliyebonyeza ndiye anayesema, na ni kweli amemaliza. Kwa kitufe cha "Finish" mwishoni mwa kusakinisha programu, hali ni nyingine, kwa sababu kazi yote ilifanywa na mashine nawe ulikuwa unangoja. Pale Imekamilika ndiyo haki.

Nimefika sasa kwenye jambo lililonileta.

Nchini Papua New Guinea kuna lugha iitwayo Tok Pisin, iliyozaliwa katika karne ya 19 kwenye mashamba ya Pasifiki, ambako vibarua wa lugha nyingi walilazimika kuelewana kwa maneno ya Kiingereza waliyoyapinda kwa sarufi yao. Neno "finish" liliwafikia wakalitamka "pinis". Leo "em i kaikai pinis" maana yake amekwisha kula. Ile "pinis" haisemi tena kwamba mtu alikuwa na sahani na ameimaliza. Inafanya kazi ambayo kwetu inafanywa na kiambishi. Na "dai" peke yake huweza kuwa kuzimia, lakini "dai pinis" ni kufa moja kwa moja.

Msidhani ni ajabu ya kisiwa kimoja. Kwenye Krioli ya Haiti, "fin", kutoka kitenzi cha Kifaransa cha kumaliza, hutangulia kitenzi kingine kwa kazi hiyo hiyo. Kichina kina "le", ambayo asili yake ni kitenzi cha kumaliza. Pijini ya Nigeria ilichukua "done" ikaifanya "don": "I don chop", nimeshakula, na hata "e don finish", ambayo imeyaweka maneno mawili ya kumaliza bega kwa bega bila aibu. Wamarekani weusi wana "done" yao, inayotamkwa kwa wepesi kabla ya kitenzi, na kwa muda mrefu walimu waliiita Kiingereza kibovu. Ni sarufi yenye kanuni zake, na wanaisimu wamezieleza.

Watu hao hawakukaa kikao wakakubaliana. Kitenzi cha kumaliza, popote duniani, kikitumiwa sana pamoja na vitenzi vingine huanza kupoteza uzito wake na kubana sauti zake, mpaka kinageuka kiungo kidogo cha sarufi. Ni kama kisu cha jikoni kinachonolewa kila siku: ubapa wake unapungua, na hicho chembamba ndicho kinachokata.

Sasa turudi kwa yule mtoto na "nimefinish" yake. Kiambishi -me-, ambacho tunakifundisha kuwa cha hali timilifu, kilikuwa kitenzi. Wanazuoni wa lugha za Kibantu wanakifuata hadi kwenye kitenzi -mala, kumaliza, kupitia umbo -mele. Kitenzi chenyewe kimechakaa katika Kiswahili sanifu, lakini hakijafa. Kumaliza ni mwanawe. Waganda wana okumala, na mtu aliyekwisha kula husemwa "amaze okulya". Wanyarwanda na Warundi wana kumara. Wasukuma wana kumala. Kabla ya -me- lugha yetu ilikuwa na mwisho wa -ile, ambao unaishi hadi leo katika Chimwiini, Kiswahili cha Barawa, na ambao wasomaji wa mashairi ya kale ya Lamu wanaujua. Yaani -me- ilikuja kama mgeni, neno la kumaliza lililobebeshwa kazi ya sarufi, ikaitoa -ile kwenye nafasi yake.

Halafu tukarudia mchezo ule ule. Tulikuwa na nimekwisha kusoma, vitenzi viwili kamili. Ku- ya kati ikaanguka: nimekwisha soma. Kisha kwisha yenyewe ikabanwa: nimeshasoma. Katika maandishi rasmi mtakuta bado aliyekwisha soma, lakini mdomoni imebaki -sha-. Na wenzetu wa Unguja na mwambao wamekwenda hatua moja zaidi. Wanasema keshafika, nishakula. Tazameni vizuri: -me- haimo. Ile iliyoitoa -ile sasa inatolewa na -sha-, na sisi tuliokaa humu tunashuhudia likitendeka.

Chukueni basi neno la kawaida kabisa, Nimeshamaliza. -Me- ni kumaliza kwa zamani. -Sha- ni kwisha ya jana. -Maliza ni kumaliza kwa leo. Mtu amesema amemaliza mara tatu kwa neno moja, na hakuna anayemwona mropokaji. Sababu ni kwamba kila kipande kina kazi yake. Nimekula ni habari. Nimeshakula ni jibu la tazamio: mwenyeji ametandika mkeka, sahani zimepangwa, anasema karibu tule, nawe unamwambia ahsante mama, nimeshakula. Ukimjibu nimekula tu, atakungoja uendelee, kana kwamba sentensi haijafika mwisho. Vivyo hivyo mwenye kujaza fomu ya serikali akiuliza Umeoa? anataka ndiyo au hapana. Shangazi akiuliza Umeshaoa? keshapiga hesabu ya umri wako, na jibu la hapana halitamaliza mazungumzo.

Kwa hiyo wahariri wanaoifuta -sha- kila wanapoikuta, kwa madai kwamba -me- inatosha, wanafuta maana. Na wale wanaoiruhusu lakini wanaandika "nimesha kula" kwa maneno mawili wanalipasua neno lililokwisha kuungana. Hakuna Mswahili anayepumua kati ya -sha- na kitenzi, na hakuna awezaye kupachika neno jingine hapo katikati. Nimeshamwambia ni neno moja.

Ombi langu kwenu walimu ni dogo. Mwanafunzi akiandika nimeshafika katika insha, mwekeeni alama yake. Akiandika keshafika, mwambieni ni ya pwani, aitumie akijua anazungumza na nani, wala msimwambie amekosea. Na mnapomfundisha "already" na "finished" na "done", mfundisheni kwa kuanzia -sha- anayoijua tangu kwao, kwa sababu amekwisha kuibeba darasani kabla ninyi hamjaandika chochote ubaoni. Wahariri, ondoeni ile nafasi kati ya -sha- na kitenzi katika toleo lenu lijalo.

Maswali yaanzie kwa wale wa nyuma.